Kipande cha Ini la Paa

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanatibiana wenyewe, Pofu, yule swala mkubwa kuliko wote, aliugua ini hata akashindwa kusimama. Kutwa alikuwa akiitamani chumvi ya bonde alikozaliwa.

Nyati alijigamba kwamba ini lake linatosha wagonjwa watatu, lakini siku ya kukatwa kipande cha kumpandikizia Pofu hakuonekana. Aliyefika ni Paa, ambaye hakuitwa na mtu.

Tabibu Nungunungu alimpima kwa mwiba wake. "Lako ni dogo, dada, na Pofu ni pande la mnyama. Kipande chako kikilemewa, kitakufa naye atakufa."

"Basi kisilemewe," alisema Paa. "Wewe kata."

"Itabidi alale miezi mitatu, ale kidogo kidogo, asiende popote mpaka kikue."

"Nitamlisha mimi."

Paa akakatwa, Pofu akapandikizwa. Kwa miezi mitatu Paa, naye akiwa na kidonda, alimletea majani machanga na kusikiliza habari za chumvi ya bondeni. Aliomba kile kipande kikue, ila kisiwe na haraka.

Kikakua. Asubuhi moja Pofu alisimama, akashukuru kwa adabu, akashika njia ya bondeni. Hakugeuka nyuma.

Nungunungu akampima Paa kwa mwiba uleule. "Lako nalo limeota, limerudi kama lilivyokuwa. Huna kilichopungua."

Paa alikuwa bado anaitazama njia.

"Pima tena, tabibu," alisema.