Daraja la Tunu

Mjini kwao kila nyumba ilikuwa na mshindani mmoja katika mashindano ya kuandika programu ya kila Jumamosi, na daraja lake ndilo lililoamua bomba la nyumba hiyo litoe maji kwa saa ngapi. Tunu alikuwa amekwama daraja la nne kwa miezi kumi na moja. Hamu ilikuwa imemtoka. Alikuwa akifungua maswali ya mazoezi na kuyafunga bila kuyajibu.

"Nimeshaoga, mwanangu," mama yake alimwambia. Lakini taulo lake lilikuwa kavu.

Tunu akashikwa na aibu. "Mama, hata sijui ninapokosea."

"Mshono ukipinda unaufumua," alisema mama, aliyekuwa fundi cherehani. "Halafu unaanza upya."

Basi Tunu akarudia maswali ya wanaoanza, moja moja, kwa kalamu na karatasi, mpaka akaona pale alipozoea kurukia jibu. Jumamosi ya tatu akapanda daraja. Bomba likatiririka, mama akaoga huku akiimba.

Hodi ikapigwa. Alikuwa jirani yao, Sihaba, ameshika ndoo tupu.

"Nisaidieni maji, jamani. Nimeshushwa daraja leo. Si unajua, akipanda mmoja hushushwa mwingine, na nasikia kuna mtu kapanda."

Tunu alimjazia ndoo bila kumtazama usoni, kisha akaketi upesi kufungua maswali ya kujiandaa kwa Jumamosi ijayo.