Hapa Usiteme

Mzungu akatema tena.

Alisukutua pombe mdomoni kama mtu anayepiga mswaki, akatazama juu, akafikiri, kisha akaiachia yote, pyuu, kwenye mgomba wa wenyewe. Mama mwenye pombe alibaki ameshika kibuyu, macho yamemtoka.

"Utusamehe, mama," Gervasi aliwahi kusema. "Huyu ana kidonda kooni. Ni maagizo ya daktari."

Tangu asubuhi, kila nyumba waliyoingia, kidonda hicho kilikuwa kinamtoa Gervasi jasho. Mgeni mwenyewe hakuwa na kidonda wala kikohozi. Aliitwa Kolin, mkulima wa zabibu kutoka Australia, amekuja kumsalimu dada yake, nesi wa hospitali ya misheni huko Ngara. Gervasi, dereva wa hospitali, alikabidhiwa Land Rover amtembeze: aone maporomoko ya Rusumo, apite katika vijiji vya ujamaa kuonja pombe, na jioni wafike Biharamulo kuliona boma la Mjerumani.

"Kwetu ndivyo tunavyofanya," Kolin alieleza garini, kwa Kiswahili chake cha kitabuni. "Jumapili watu wanatoka mjini. Wanakwenda mji mdogo huu, mji mdogo ule. Wanaangalia milima. Wanaonja mvinyo, wanatema. Ukimeza kila mahali, utaendeshaje gari?"

Gervasi alicheka nusura aingie mtaroni. Watu wazima na akili zao, wanafunga safari kwenda kutema! Lakini kicheko kilimwisha walipoanza kuona mapaa ya Murukulazo, maana nyumba iliyofuata ilikuwa ya Mama Marsiana.

Mama Marsiana alikuwa mjane, na Koleta alikuwa bintiye wa pekee. Mwaka mzima Gervasi alikuwa akiranda pale kama jogoo mgeni, na mwaka mzima mama alikuwa akiitikia shikamoo zake huku anaangalia pembeni. Dereva! Leo yuko Ngara, kesho Bukoba. Binti ataolewa na mtu au na vumbi? Halafu juma lililopita, maajabu, mama akatuma salamu: Gervasi apite Jumamosi, amemtengenezea urwagwa, pombe ya ndizi, ya kwake mwenyewe.

Sasa kutema pombe ya mtu, pale Murukulazo, ni kumwita mchawi mbele ya watoto wake. Gervasi akasimamisha gari kabla hawajafika.

"Bwana Kolin, nakuomba kwa jina la Mungu. Hapa usiteme. Hapa nameza, na wewe unameza. Ukitema, mimi sina mke."

Kolin akaweka mkono kifuani. "Hapa nameza."

Kwenye ukuta wa jiko iliegemea baiskeli nyeusi ya Shibuda, Msukuma wa Nyantakara aliyekuja kumposa Koleta mwezi uliopita. Watu walisimulia kwamba Shibuda alikaribishwa pombe, akainywa, akaisifu, kisha akaondoka mbio katikati ya mazungumzo, hata baiskeli akaisahau. Mpaka leo hajarudi kuichukua. Gervasi alijua sababu, au alijiona anajua: Msukuma alishindwa kumaliza kibuyu, akaona aibu. Mimi, alijiapiza, nitafika chini kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Na leo alimtazama usoni, anatabasamu. Mwanangu! Gervasi alitamani kuruka.

Kibuyu kikaletwa na mirija mitatu. Mwenye pombe ndiye huanza kuonja, ili wageni waone kwamba ni salama. Mama Marsiana akainama, akavuta mrija, mashavu yakajaa. Akawakaribisha kwa mkono, akitikisa kichwa kwa furaha. Koleta alifungua kinywa kutaka kusema neno. Mama akaguna tu, "Mm!", akamshika mkono wakaenda nyuma ya nyumba, kama aliyekumbuka kitu motoni.

Kolin akanusa kibuyu. Akanusa tena.

"Gervasi, humu kuna majani. Machungu. Ni majani gani?"

"Meza, bwana."

"Ninataka kujua tu."

"Utajua Biharamulo. Meza!"

Kolin, mtu wa ahadi, akameza. Machozi yakamlengalenga, akameza tena. Gervasi naye akavuta kwa pumzi moja, akapumua, akavuta tena, mpaka mrija ukakoroma chini ya kibuyu. Kazi kwisha! Shibuda na baiskeli yake wakome. Tumbo likamnguruma kidogo, akadhani ni furaha.

Akainuka kwenda nyuma kumshukuru mama mkwe na kumwuliza lini alete wazee. Alipofika kwenye pembe ya jiko akasimama. Mama Marsiana alikuwa ameinama penye mgomba, anatema, anasukutua kwa maji, anatema tena, kumshinda hata mzungu.

"Na yule mzungu naye kameza?" alikuwa akimwuliza Koleta, huku akijifuta mdomo kwa pindo la kitenge. "Masikini wa Mungu! Yule sina ugomvi naye."