Nyumba ya Bomba Linalokohoa

Bomba la uani lilikohoa hewa, likatema kutu, likanyamaza.

"Dada, ile nyumba ya kwanza ina maji," dalali alisema kwa huruma. "Turudi tukaichukue."

Edina, aliyekuja na binti yake mdogo, hakusogea. Kilichomleta mtaa huu wa Kikuyu hakikuwa bomba. Ilikuwa shule mpya ya mtu binafsi, ya Kiingereza kitupu, iliyokuwa nyuma ya ua wa minyaa. Naye alikuwa na kipimo chake: darasani kila mtoto huimba Kiingereza cha mwalimu; wewe subiri mapumziko, uwasikie wanavyogombana.

Kengele ikalia. Watoto wakamwagika uwanjani, vumbi likapanda, na ugomvi wa mpira ukaanza palepale. Waligombana kwa Kiingereza, tena cha kutoleana macho!

Edina aligeuka amwonyeshe binti yake, asimwone. Kandambili moja ndogo ilikuwa imenasa kwenye minyaa. Ng'ambo ya ua, binti huyo asiyejua hata salamu ya Kiingereza alikuwa ameukumbatia mpira, akiwafokea wenye shule yao: "No! No!"

Edina alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kaka," alimwambia dalali, "ndoo huku zinauzwa wapi?"