Kijisaa Kwenye Posa

"Vua hiyo saa, kaka. Tunakwenda kumposea mwanao, si..."

"Niivue kwa nini? Imekuomba chakula?"

"...si kutia watu kicheko! Mwanaume mzima, mkono kama mchi, umefunga kijisaa cha kike!"

Mbarouki hakuvua. Kilikuwa cha marehemu mama yao, kidogo kama kifungo cha shati, na hii ilikuwa wiki ya tatu anajifunza kuishi nacho. Mkanda ulimnyofoa malaika, vile vinyweleo vya mkono. Ilibidi afuge ukucha wa kidole gumba ili aweze kukitia ufunguo kila asubuhi. Na kila akinyamaza, alikisikia kikitafuna dakika kama panya kwenye pakacha, akashindwa kuacha kusikiliza.

Mlango ukafunguliwa. Wakaketi mbele ya Bwana Nassibu, baba wa binti, mtu aliyekwishawarudisha washenga wawili bila hata kahawa. Bi Mize akamkanyaga kaka yake mguu, yaani ficha mkono. Wapi! Katikati ya kumsifu mwanawe, Mbarouki akajisahau, akaupeleka mkono sikioni.

Bwana Nassibu akakikodolea macho kile kijisaa. Bi Mize akafumba yake. Basi tena, kijana hana mke.

"Kinatembea?"

"Kinatembea, bwana. Ukikitia ufunguo."

Bwana Nassibu akatupa jicho kwenye mlango wa ndani, akaona hakuna mtu. Taratibu akakunja mkono wa kanzu, akanyoosha mkono mnene kuliko wa Mbarouki.

"Hebu nifunge na mimi kidogo," akanong'ona.