Jiwe la Mke Mtulivu

Mnajimu aliweka mawe mawili juu ya kitambaa cheupe, akafumba macho.

"Akiki ni jiwe gumu, la nyota za moto. Huleta ujasiri. Feruzi ni laini, la nyota za maji, hata jasho huligeuza rangi. Huleta utulivu."

Mafunda alijizuia kucheka. Sonara yeyote angeyasema hayo macho wazi.

"Utulivu ndio tunaoutaka," alidakia Bi Shani, mama wa mchumba wake, aliyemleta kupimwa nyota kabla ya ndoa.

Mnajimu akamuuliza Mafunda jina la mama yake, kwani nyota huhesabiwa kwa herufi zake.

"Mwanahawa."

Akahesabu kwa vidole, midomo ikimchezacheza. "Feruzi."

"Huyo ni shangazi aliyenilea, shehe. Mama aliyenizaa ni Riziki."

Mzee akamtupia Bi Shani jicho, akahesabu upya, upesi zaidi. "Feruzi."

Mafunda alichukua akiki, akaiburuta juu ya feruzi mara moja tu, akayarudisha mawe yote mawili kitambaani, akaenda kuvaa viatu. Nyuma yake Bi Shani alikuwa akiusugua ule mkwaruzo kwa kidole gumba, kama mtu anayefuta vumbi.