Siri Kuu Kwenye Simu

Sajini mstaafu aliipiga meza kofi, vikombe vikaruka, na shemeji yake aliyekuja kupiga soga tu akajikuta na chai mapajani.

"Wapumbavu! Ujumbe wa siri kuu unaanza na 'Habari za asubuhi'? Jeshi gani hilo la kusalimiana?"

Akaubandika ukali huo huo mtandaoni, neno kwa neno, kila mtu auone.

Tangu matokeo ya uchaguzi yakataliwe, nchi nzima ilikuwa imehamia kwenye simu. Ukurasa mmoja uitwao Jicho la Kambi ulirusha kila siku amri zilizodaiwa kuvuja makao makuu: mara jenerali katoroka, mara waziri kalishwa sumu. Watu walizimeza bila kutafuna. Sajini, aliyemaliza miaka ishirini na miwili kwenye chumba cha mawasiliano, zilimchefua. Jumatatu aliwaandikia: "Waongo! Amri haitaji jina la mtu, inataja cheo." Jumanne: "Mbumbumbu! Saa ya jeshi ni tarakimu nne, siyo 'saa mbili kasoro'!" Na leo Jumatano, hizo salamu.

"Wewe na hao watu mngeoana tu," mkewe alisema, akimfuta dada yake chai. "Mimi hujaniandikia hata mstari tangu unipose."

"Mama Koplo, niache! Mtoto wetu yumo kambini. Uongo huu utaua watu."

Shemeji alicheka hadi akasahau mapaja yanavyomuunguza.

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, ukaja ujumbe mwingine. Sajini akavaa miwani, tusi limeshakaa tayari ulimini. Akasoma. Akasoma tena. Tusi halikutoka.

Ujumbe ulikuwa mkavu, vyeo vitupu. Kesho, 0530, kikosi cha mawasiliano cha kambi ya mjini kikamatwe chote kwa uasi. Atakayebisha apigwe risasi.

Hicho ndicho kikosi cha binti yake.

Nusu saa nzima alitafuta kosa. Hata mkato haukukaa vibaya.

"Wameamua kutuulia watoto," alisema, mishipa ya shingo imemsimama. "Mimi nimewatumikia hawa! Mimi!"

Akampigia binti yake.

"Baba, tuko kwenye tahadhari," Koplo alinong'ona. "Ukitoka bila ruhusa wewe ni mtoro. Ni miaka kumi jela, unajua mwenyewe."

"Jela watu wanatoka. Kaburini je? Vua gwanda, ruka ukuta sasa hivi."

"Una hakika na huo ujumbe?"

"Nimezisoma hizi kabla hujazaliwa, mwanangu. Zile nyingine zilikuwa takataka. Hii ni yenyewe."



"Haya, baba."

Saa kumi alasiri Koplo aliingia kwa mlango wa uani, amevaa gauni la kuazima linalombana mabegani, goti linavuja damu. Mama yake alimkumbatia huku akimgombeza, akimgombeza huku akilia.

"Majina yameshaitwa," Koplo alisema. "Langu halikuitikiwa. Sasa hivi wananitafuta."

"Watafute weee!" Sajini alinguruma. "Wakija watanikuta mimi mlangoni. Na wazazi wote wa kikosi kile lazima wajue leo hii."

Akaikamata simu awaandikie watu waamini, kwamba safari hii anashuhudia yeye mwenyewe. Lakini chini ya ule ujumbe Jicho la Kambi lilikuwa limeshamtangulia, na limemtaja kwa cheo chake:

"Mwalimu wetu Sajini, mbona leo kimya? Majina tumeyafuta, saa tumeandika kwa tarakimu nne, na salamu tumeziondoa. Bado kuna kosa?"