Msomaji wa Filamu

Mle kwenye filamu, mpelelezi alimsukumia mtuhumiwa karatasi. Mtuhumiwa akaitazama tu, jasho likimtiririka, akajibu maneno matatu.

"Anasemaje, babu?" wakauliza majirani.

Filamu ni ya kigeni, maandishi ya Kireno yanapita chini, na msomaji wa kijiji kizima cha Quitunda ni mimi. Miaka miwili nawasomea kila Ijumaa baada ya alasiri, na kwangu hajapita mwizi asiye na wake saba na mamba wa kufuga.

"Anasema hiyo ni talaka ya mke wake wa tatu."

Siwema, jirani yangu anayesoma darasa la watu wazima, akasimamisha filamu. "Babu, mbona mke simwoni hapo kwenye maandishi?"

"Wewe una miezi minne tu darasani. Ngoja nikuonyeshe."

Nikainuka, nikaweka kidole kwenye kioo cha televisheni. Kilikuwa cha moto. Nikayafuata maandishi taratibu, toka kulia kwenda kushoto, kama nilivyofundishwa msahafu chuoni.

Nyuma yangu hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Kireno kinaanzia huku, babu," Siwema akasema, kwa sauti ya mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Akanishika mkono, akakirudisha kidole changu kushoto, akasoma neno moja moja. "Não... sei... ler." Kisha akawaambia wenzetu, "Anasema hajui kusoma."

"Nani hajui?" akauliza bibi mmoja wa nyuma, asiyeona vizuri.

Siwema akanigeukia. Aliniachia mimi nijibu.